Kutengeneza Diski ya Mashine-Pepe

Wasomaji wapenzi, na hasa ninyi wazee wetu mliosoma hapa zamani, majina yenu nusura yapotee mwezi wa Agosti. Napenda kuwaeleza jinsi yalivyookolewa.

Daftari la kale la wanafunzi lililiwa na mchwa, na yaliyosalia tuliyaandika katika kompyuta, faili moja kwa kila mwaka. Lakini hayamo katika kompyuta yenyewe. Yamo katika mashine-pepe. Hiyo ni kompyuta isiyo na chuma, inayokaa ndani ya kompyuta ya kweli kama mpangaji katika nyumba ya mtu. Diski yake haishikiki kwa mkono, ni faili moja kubwa tu. Yetu ni ya namna iitwayo qcow2, na ndani yake mna majedwali yanayoonyesha kila kipande kimewekwa wapi.

Usiku mmoja umeme ulikatika mashine-pepe ikiwa inaandika. Asubuhi kompyuta ya kweli iliwaka vizuri, ila mpangaji hakuamka. Kioo kilikuwa cheusi, na neno moja: initramfs. Maana yake Linux ilianza kuamka, ikaitafuta diski yake, ikashindwa kuifungua.

Kwa haraka ya ujana nilitaka kutengeneza papo hapo. Bruda anayetufundisha hesabu akanishika mkono. "Mwanangu, una nakala?" Sikuwa nayo. Basi tukaizima mashine-pepe, tukainakili faili nzima kwenye diski ya nje, nami nikikaa kama mtu anayengoja maharagwe yaive. Programu za kutengeneza hubadili yaliyomo, na zikikosea hakuna kurudi nyuma. Kwa hiyo tuliishughulikia nakala, ile ya asili tukaiacha.

Yapasa kujua ugonjwa uko wapi, katika sanduku au katika vitu vilivyomo. Tulianza na sanduku. Amri ya qemu-img check husoma tu, haibadili kitu. Ikitaja uvujaji, usiogope: ni nafasi zilizohesabiwa kuwa zina kitu, kumbe hakuna anayezitumia. Ikitaja makosa ya majedwali, hapo pana kazi. Yetu ilikuwa na uvujaji tu, tukauondoa kwa kuongeza -r leaks.

Kisha vilivyomo. Tuliiwasha mashine-pepe kwa Linux nyingine, ya faili ya ISO, kwa sababu diski haitengenezwi ikiwa kazini. Fsck ikakataa: superbloku haisomeki. Hapo ndipo mfumo wa ext4 unapoandika ukubwa wake na hesabu za bloku zake. Pakiharibika, mengine yote yapo lakini hayana mlango. Bahati njema, nakala za superbloku huwekwa mahali pengi katika diski. Bloku zikiwa za baiti 4096, nakala ya kwanza huwa kwenye bloku ya 32768. Tukaandika: e2fsck -b 32768 /dev/vda1. Yakaja maswali mengi, tukajibu ndiyo kwa yote. Tusingekuwa na ile faili ya asili pembeni, nisingethubutu.

Mashine iliamka. Faili kadhaa zilikuwa zimepoteza majina, tukazikuta katika folda ya lost+found zikiitwa kwa namba tu, tukazifungua moja moja na kuzirudishia majina. Ile ya mwaka 1968 haikuonekana kabisa. Tulirudi kuitafuta hata katika faili ya asili, wapi! Wazee wa mwaka huo, au watoto wao, tafadhali tuandikieni majina mnayoyakumbuka, kwa anwani ya shule.