Rimu kubwa, safari ngumu

DEREVA wa Masasi au Newala anayebadili rimu za inchi 15 na kuweka za inchi 18 ili gari lipendeze, hana budi kujua anachokipoteza.

Tairi lililoandikwa 195/65 R15 lina upana wa milimita 195, na ukuta wake ni asilimia 65 ya upana huo, yaani takriban milimita 127. Tairi la 225/40 R18 lina kimo kinachokaribiana na hilo, lakini ukuta wake ni milimita 90 tu. Upungufu huo ndio kiini cha tatizo, kwa kuwa ukuta wa tairi na upepo uliomo ndivyo springi ya kwanza ya gari.

Katika barabara za vumbi za uwanda wa juu wa Makonde, ukuta mfupi hupitisha mshtuko wa kila jiwe hadi kitini, na ukingo wa shimo huweza kupinda rimu au kupasua tairi. Faida yake, yaani usukani kuitika upesi, huonekana zaidi kwenye lami nzuri.

Kupunguza upepo si dawa, kwani rimu huzidi kukosa kinga. Kabla ya kununua, ni vyema kusoma vipimo vilivyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva na kuvifuata.