Siku 312 juu ya mayi, poste zote kwa mutu moja

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wamama munaobaki ku nyumba kungojea, leo nawaelezea kazi ya mutu moja asiyeshuka hata siku moja ndani ya mugodi. Robin Knox-Johnston, Muingereza, alikuwa ofisa katika meli za biashara. Tarehe 14 Juni 1968 alitoka ku bandari ya Falmouth, peke yake, juu ya kuzunguka dunia yote bila kusimama fasi yoyote. Mashua yake, Suhaili, ilitengenezwa Bombay kwa mbao ya teki. Urefu wake haufiki mita 10, ni kusema mufupi kuliko bisi inayotubeba asubuhi ku kazi. Na kilichoisukuma ni upepo, kwa njia ya matanga, vile vitambaa vikubwa vinavyofungwa ku miti mirefu 2.

Wengi wanafikiri safari sawa ile ni kukaa na kutazama mayi. Uongo! Ni entretien toka asubuhi mpaka usiku. Kushona tanga iliyopasuka, kubadilisha kamba iliyolika, kupima jua saa sita ili kujua uko wapi ku karte, kupika chakula cha makopo ku réchaud ya petroli wakati nyumba yote inalala upande. Sisi tuko na poste 3: moja ikipanda, ingine inashuka. Yeye alikuwa poste zote 3. Alilala vipande vipande, na nguo zake za mayi ku mwili kama bahari ni mubaya, na mashua ikibadilisha tu namna ya kutikisika, anaamuka.

Hata mwezi wa pili haujaisha, mashua ilianza kuingiza mayi. Pompe ikawa kazi ya kila siku, na mayi ikazidi. Mimi nilichunga pompe chini ya udongo miaka 11, najua vile roho inafanya ukiona mayi inapanda. Kwetu niliandika mara 3 ndani ya buku ya poste kwamba mpira wa pompe umechoka. Hakuna aliyekuja. Siku ya ine tulitoka tukitembea mayi ya magoti. Yeye hakuwa na shefu wa kuandikia. Alivaa shati na pantalo ili ngozi yake nyeupe isiite requin, wale samaki wakubwa wa meno, kiisha akaruka ndani ya bahari. Aliona mbao zimeachana, mita moja na nusu chini ya mayi. Kuziba na pamba ilikataa: akipanda kuvuta pumuzi, pamba inatoka. Njo akashona pamba ile ku kitambaa kirefu, akapaka lami, akaipigilia na misumari ya shaba. Kazi ikiendelea, requin ikaja kuzunguka. Akapanda, akaipiga na bunduki, kiisha akarudi ndani ya mayi! Juu ya kitambaa akapigilia ukanda wa shaba uliobaki wakati mafundi walifunga radio. Ndiyo wandugu, shaba. Kama ilitoka kwetu ao kwengine, hiyo sisemi.

Kusini ya Afrika mawimbi yalilaza mashua upande, na mayi ya kunywa ndani ya tanki ikaharibika. Toka hapo alikunywa mingi ile ya mvua, anaikinga ku tanga na kuimwanga ndani ya ndoo. Asidi ya batri ilimurukia ndani ya jicho. Munganga haiko, anajiosha mwenyewe na kuendelea.

Wamekanisie, hii ni yenu. Mashini ndogo ya kuweka moto ndani ya batri ilikuwa na magneto yenye kuhitaji kupimwa, na jauge hakuwa nayo. Akachukua buku, akahesabu: kurasa 200 zinafanya pouce moja. Basi ukurasa moja ni karibu milimita 0,13. Akaweka kurasa 3 fasi ya jauge, na mashini ikalia. Mimi nilisoma ile nikacheka peke yangu.

Lakini wamama wataniuliza habari ya jamaa. Radio yake ya kusema ilikufa. Novemba 1968, karibu na Nyuzilandi, aliongea na mwandishi wa gazeti toka mashua yake. Kiisha, kimya. Alipita Cap Horn tarehe 17 Januari 1969, ku nyumba hawakujua. Ni tarehe 6 Aprili tu ndipo meli ya petroli ilimuona na kutuma habari. Miezi 4 na nusu! Wale walingojea ku mulango wa mugodi siku udongo ulianguka, wanajua hata saa 4 na nusu ni nini.

Tarehe 22 Aprili 1969 aliingia Falmouth. Watu wa douane wakamuuliza anatoka wapi. Akajibu: Falmouth.

Walianza watu 9 ndani ya mashindano hayo. Ni yeye peke yake aliyefika. Mwenzake moja, Donald Crowhurst, alidanganya kwa radio kuhusu fasi alipo, na Julai mashua yake ikakutwa haina mutu ndani. Zawadi ilikuwa pauni 5000. Knox-Johnston aliitoa yote kwa mujane wa Crowhurst, aliyebaki na watoto 4.