Likasi: Kuchemsha maji hakuondoi risasi

Tangu enzi ya Union Minière, Likasi ilipoitwa Jadotville, komini ya Panda imekuwa jirani ya viwanda vya shaba. Mwaka 2009, watafiti wa Lubumbashi na Ubelgiji walitangaza matokeo ya kupima mikojo ya wakaaji wa Katanga: walioishi chini ya kilomita 3 toka migodi au viwanda walikutwa na metali nyingi zaidi, risasi ikiwemo.

Risasi, yaani plomb, huingia mwilini kwa vumbi, chakula na maji. Majini haionekani, haina ladha wala harufu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi kisicho na hatari. Inaharibu ubongo wa mtoto, na mama mwenye mimba humpitishia aliye tumboni.

Wengi huchemsha maji au kutia dawa. Hiyo inaua vijidudu, lakini risasi inabaki. Maji yakipungua kwenye sufuria, yaliyobaki huwa na risasi nyingi zaidi.

Kama nyumba ina mabomba ya zamani, asubuhi acha maji yatiririke dakika chache kabla ya kukinga ya kunywa. Yale ya kwanza yasafishie nyumba.

Kisima kilicho karibu na mabaki ya kiwanda ni shida nyingine: dawa ni kupima maji kwenye maabara. Wakati mnangojea matokeo, watoto wachotewe maji mahali pengine.