Shikamoo Iliyosubiri Jibu

Ujumbe wake ulikuwa na maneno mawili tu: "Shikamoo mwalimu." Nikaupita. Ilikuwa Oktoba, watu wanaandaa mashamba ya pamba, nami niko hapa Somanda, mjini Bariadi, napitia kazi za vijana walioomba kulelewa katika mradi mmoja wa programu huria. Waombaji wengi, nafasi moja. Nikasema moyoni, huyu hana swali wala kazi, ana salamu tu.

Siku ya tatu ndipo nilipomwitikia marahaba. Papo hapo yakamiminika maswali manne, yamepangwa vizuri, kila moja na picha ya kosa lililotokea kwenye kompyuta yake. Binti huyo alikuwa Lagangabilili, kule Itilima, siku zote hizo akingoja itikio langu. Mtu mzima hajakuitikia, unaanzaje kumtwisha shida zako? Ndivyo alivyolelewa. Ndivyo nilivyolelewa hata mimi, na bado sikumwelewa.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuwagawia wengine. DHIS2, inayokusanya takwimu za vituo vya afya nchini kwetu, ni ya namna hiyo. Asili yake ni Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. OpenMRS, inayotunza kumbukumbu za wagonjwa, ilianza mwaka 2004 na shina lake mojawapo ni Eldoret, Kenya. Kazi kama hizi hazidumu bila mikono mipya, ndiyo maana ipo mipango ya kuwalea wanaoanza. Google Summer of Code ilianza 2005. Outreachy, iliyochipuka ndani ya mradi wa GNOME mwaka 2006, inawalenga hasa wale ambao fani hii imewaacha nje, na mwanagenzi hulipwa dola 7,000 za Marekani kwa miezi mitatu bila kuhama kwao.

Outreachy haitazami cheti. Mwombaji hueleza kwanza vikwazo alivyokutana navyo, na kama muda anao. Akipita hapo, hupewa kama mwezi mmoja wa kufanya kazi ndogondogo za mradi wenyewe, mbele ya macho ya wote: kurekebisha kosa, kunyoosha maelezo yaliyopinda, kujaribu kitu na kuripoti. Mlezi huchagua kwa kuangalia kazi hiyo. Naupenda mno utaratibu huu, kwa sababu mtoto wa Meatu hapimwi kwa jina la shule aliyosoma.

Lakini kazi nayo ina namna ya kumdanganya anayeitazama. Yupo anayetuma marekebisho kumi kwa wiki, kwake umeme haukatiki. Yupo anayetuma mawili, na hayo mawili ameyaandika usiku, kwa bando la kuunga. Nikihesabu tu, nimeshakosea. Siku hizi namwelekeza mwombaji sehemu moja yenye kasoro, kisha nangoja nione anaporudi amebadilisha nini. Aliyesahihishwa akarudi na swali zuri zaidi, huyo atafika. Aliyenyamaza simkati, namwandikia kwanza, maana kwetu ukimya mara nyingi ni heshima.

Binti wa Itilima hakupata nafasi msimu ule. Siku zile tatu zilimgharimu, na kosa lilikuwa langu. Marekebisho yake mawili yalipokelewa, na yamo ndani ya programu hadi leo.

Kijana wa Maswa, wa Busega, wa Bariadi: amkia, kisha swali lako liandike hapohapo, na uliulize hadharani. Hujamvunjia mtu heshima. Nawe mlezi mwenzangu, ukiona shikamoo imekaa peke yake, itikia siku hiyohiyo.