Kabla Ukope Doo ya Kusomea Kutesti Apu, Chanuka Kwanza

Wasee, kila wiki lazima mtu anitumie meseji kama hii: "Buda, naskia kuna pesa kwa hii kazi ya kutesti apu. Nianze na Selenium ama Playwright? Kuna kozi nimeona, nataka kukopa kwa simu nilipe."

Jibu langu la kwanza ni fupi: usikope. La pili ni refu kidogo, kwa hivyo vuta kiti.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili juu ya karo. Kabla nianze kuwaandikia nyinyi habari, nilichapa kazi miezi nane kwa kampuni ndogo ya kuuza viatu mtandaoni. Kazi yangu ilikuwa kutesti. Madevu wakimaliza kubadilisha kitu kwa tovuti, mimi nahakikisha hawajaharibu ingine kabla customa aione.

Mwanzo nilikuwa nafanya na mkono. Kila Alhamisi naingia na akaunti, naweka kiatu kwa kikapu, naweka namba ya punguzo, nalipa kwa njia ya majaribio, naangalia risiti. Alafu narudia na brauza ingine. Alafu narudia na simu. Ikifika saa tisa mchana macho imechoka, hata kosa ikipita mbele yangu siioni. Ndio nikajifunza kuandika skripti, yaani maagizo ambayo kompyuta inafuata: fungua hapa, bonyeza pale, andika hii. Kitu ilikuwa inanikula siku nzima ikawa inaisha dakika chache. Nilijiona mkubwa, manze.

Testi 40 za kijani, na bado nikaangukia pua

Kwa hizi zana, testi ikipita inaonyesha kijani, ikianguka ni nyekundu. Ijumaa moja testi zangu 40 zote zilikuwa kijani. Tukaachilia toleo jipya, nikaenda zangu. Jumatatu asubuhi bosi anauliza mbona viatu zimeuzwa bei ya hasara wikendi yote. Kumbe punguzo lilikuwa linatolewa mara mbili.

Testi yangu haikuona? Haikuona, juu sikuiambia iangalie. Ilibonyeza "Lipa", ikaona ukurasa umefunguka, ikasema fiti. Sikuwa nimeandika mstari hata mmoja wa kusema: jumla lazima iwe hii, ikiwa ingine piga kelele. Mkataba wangu ulipoisha, haukuongezwa. Sikulalamika.

Hiyo ndio siri kubwa ya hii kazi, na hakuna zana itakufichulia. Zana haijui kosa ni nini. Inabonyeza tu haraka kukuliko. Wewe ndio lazima ujue ni kitu gani kinafaa kutokea.

Sasa hizo zana ni gani?

Ziko mob, lakini hizi ndizo utaskia kila saa:

Selenium. Huyu ndiye mzee wa mtaa. Ilianzishwa 2004 na Jason Huggins akiwa ThoughtWorks kule Chicago. Ni ya bure, na unaweza kuiandikia kwa Java, Python, C#, Ruby ama JavaScript. Kampuni nyingi zenye mifumo ya kitambo bado zinaitumia. Shida yake kwa mgeni ni kusubiri: ukurasa ukichelewa kufunguka na hujaiambia isubiri vizuri, testi inaanguka bure. Wageni wengi wanaandika "lala sekunde 5" kila mahali, mwishowe testi zinaenda polepole na bado zinaanguka.

Cypress. Hii ni ya tovuti, na lugha yake ni JavaScript ama TypeScript pekee. Uzuri wake ni unaona kila hatua ikifanyika mbele yako, na unaweza kurudi nyuma uone mahali iliharibikia.

Playwright. Ilitolewa na Microsoft 2020. Inaendesha Chromium, Firefox na WebKit, ile injini iko ndani ya Safari. Inasubiri yenyewe mpaka kitufe kiwe tayari ndio ibonyeze. Unaweza kutumia JavaScript, TypeScript, Python, Java ama C#.

Appium. Hii ni ya apu za simu, Android na iPhone. Kuiweka ni kazi, na ukitaka kutesti apu ya iPhone utahitaji kompyuta ya Mac.

Postman. Hii haishughuliki na vitufe. Inaongea na seva moja kwa moja, uone kama ukiituma ombi inajibu vile inafaa.

JMeter. Hii ni ya kupima mzigo. Fikiria siku ya matokeo ya KCSE, nchi nzima inakimbilia tovuti moja kwa wakati mmoja. JMeter inakusaidia kuigiza hiyo msongamano kabla siku yenyewe ifike.

Unachagua aje? Jiulize maswali manne

Moja, unatesti nini? Tovuti ni Playwright, Cypress ama Selenium. Apu ya simu ni Appium. Usisome Appium juu jina imekaa poa na kazi unayotaka ni ya tovuti.

Mbili, unajua lugha gani ya kodi? Sisemi kodi ya landilodi, nasema ile ya kompyuta. Kama unajua Python kidogo, Cypress itakurudisha mwanzo. Na kama tayari uko ndani ya kampuni, tumia lugha madevu wanatumia, ndio ukikwama kuna mtu wa kuuliza.

Tatu, kazi unazotaka zinaitisha nini? Fungua matangazo 20 ya kazi, chukua kalamu, hesabu. Selenium mara ngapi, Playwright mara ngapi, Java ama Python. Hiyo karatasi itakuambia ukweli kuliko mtu yeyote anayekuuzia kozi, pamoja na mimi.

Nne, mashine yako inaweza? Kama laptopu yako ni ya RAM ya GB 4, usijaribu kufungua simu ya Android ya kuigiza ndani yake, itaganda. Chomeka simu yako halisi na kebo ya USB, hata kama kioo imepasuka.

Kama unaanza sufuri, unataka tovuti, na hakuna mtu anakuamulia, shika Playwright na Python. Lakini karatasi yako ikisema Selenium na Java, skiza karatasi.

Mwezi wa kwanza, bila kulipa mtu

Kuna duka la mtandaoni linaitwa saucedemo.com. Ni la uongo, lilitengenezwa na Sauce Labs ndio watu wajifunzie kutesti. Majina ya kuingia na nywila ziko hapo kwa ukurasa wa kwanza. Akaunti ya standard_user iko sawa. Ya locked_out_user imefungiwa nje. Ya problem_user imeharibiwa makusudi.

Wiki ya kwanza: usiguse kodi. Nunua mkoba hapo kwa mkono, na kwa karatasi andika kila hatua na kitu unatarajia. Mkoba ni dola 29.99, ushuru 2.40, jumla 32.39. Ukiweza kuandika hiyo hesabu kabla ubonyeze, tayari umenishinda vile nilikuwa.

Wiki ya pili: jifunze Python ya msingi pekee. Kuhifadhi thamani, "kama hii basi ile", kurudia kitu, na kuandika fanksheni. Usipotelee kwa mambo ya akili bandia, utarudi baadaye.

Wiki ya tatu: weka Playwright. Inashusha brauza zake na ni mzito, kwa hivyo tafuta Wi-Fi ya beshte. Iko na kitu inaitwa codegen: wewe unabonyeza tovuti, yenyewe inakuandikia kodi. Itumie kuona kodi inakaa aje, alafu futa yote uandike mwenyewe. Ukiiachia codegen kazi yote, siku ya intavyuu utaulizwa swali moja tu na utaloa jasho.

Wiki ya nne: weka mistari ya kuhakikisha. Jumla iwe 32.39. Locked_out_user akatazwe kuingia. Kila picha iwe ya bidhaa yake. Alafu endesha hiyo testi ya picha na problem_user, ambaye picha zake zote ni za mbwa mmoja. Testi yako ikisema kijani hapo, inakudanganya. Irekebishe mpaka iwe nyekundu. Testi ambayo hujawahi kuiona ikianguka, usiiamini. Hiyo sentensi ingeniokolea kazi.

Ukimaliza, weka kila kitu GitHub hadharani, na uelezee kwa lugha rahisi unatesti nini na kwa nini. GitHub Actions inaweza kuendesha hizo testi kila ukibadilisha kodi, na kwa mradi wa hadharani ni bure. Ukiwa huna digrii kama mimi, huo mradi ndio cheti chako.

Na kozi je?

Sisemi kozi zote ni utapeli. Kuna watu wanahitaji mwalimu na ratiba, na hiyo ni sawa. Lakini maelezo rasmi ya Playwright na Selenium ni ya bure, na Test Automation University ya Applitools pia ni bure. Maliza huo mwezi kwanza. Ukipata unachukia kukaa masaa mawili ukitafuta kwa nini kitufe kimoja hakibonyezeki, angalau umepoteza data tu, haujabaki na deni inakuitia riba kila asubuhi.

Na ukipata unaipenda, karibu. Mimi pia jioni nimerudi kwa saucedemo, naandika upya zile testi zangu 40. Hii mara kila moja nimeiona nyekundu kwanza.