Wauza Mafuta na Umeme wa Jua

Msomaji, pengine umekwisha kuona kwa jirani yako mashine ya kuvuta maji isiyotiwa petroli. Jua likipanda, maji yanapanda; jua likitua, mashine inalala. Je, wajua ni akina nani waliosaidia kuifanya paneli ya sola ipungue bei? Baadhi yao ni wale wale wauzao petroli na mafuta ya taa. Soma habari zao, maana zina funzo kwa kila mkulima anayetaka kununua.

Paneli za kwanza zilizofaa kwa kazi zilionyeshwa Marekani mwaka 1954, lakini bei yake ilikuwa kubwa mno. Ndipo kampuni ya mafuta ya Exxon ilipompa fedha mtaalamu Elliot Berman, na mwaka 1973 akaanzisha kampuni ya Solar Power Corporation. Berman hakutaka vitu vya fahari. Alitumia silikoni iliyokataliwa na viwanda vingine kwa kuwa haikuwa safi kabisa. Bei ya wati moja ikashuka kutoka dola 100 hivi hadi dola 20 hivi.

Na wanunuzi wake wa mapema walikuwa akina nani? Wachimba mafuta wenyewe! Katika Ghuba ya Mexico, mitambo yao iliyosimama baharini lazima iwe na taa usiku ili meli zisiigonge. Taa hizo ziliwashwa kwa betri kubwa, nazo zilipokwisha nguvu ilikuwa gharama kupeleka nyingine. Paneli ziliwaondolea taabu hiyo.

Wengine wakafuata. Kampuni ya ARCO ilinunua kiwanda cha paneli mwaka 1977, na mwaka 1980 ikawa ya kwanza duniani kutengeneza paneli za zaidi ya wati 1,000,000 katika mwaka mmoja. BP na Shell nazo zikaingia.

Lakini hawakukaa. Faida ya sola ilikuwa ndogo kuliko ya mafuta. ARCO iliuza kazi yake kwa Siemens ya Ujerumani. Shell iliuza sehemu kubwa ya viwanda vyake vya paneli mwaka 2006. BP ilitangaza mwisho wa BP Solar mwaka 2011, wakati viwanda vya China vilipokuwa vikiuza kwa bei ya chini sana. Mwaka huo huo Total ya Ufaransa ilinunua asilimia 60 ya kampuni ya SunPower, na mwaka 2017 BP ilirudi kwa kununua sehemu ya kampuni ya Lightsource. Mmoja anatoka, mwingine anaingia.

Sasa fikiri. Paneli nzuri yaweza kudumu miaka 25 au zaidi. Kampuni yaweza kuondoka kabla ya miaka kumi, hata kama jina lake ni kubwa. Kwa hiyo usinunue jina. Kabla ya kutoa fedha yako, fanya haya:

1. Andika katika daftari fedha unazotumia kwa petroli msimu mzima. Ndipo utajua kama bei ya sola ni nafuu kwako.

2. Dai hati ya dhamana, na uulize ni nani hapa nchini atakayeitimiza.

3. Uliza kama betri na pampu za watengenezaji wengine zitafaa katika mtambo huo. Vitu hivi huchakaa kabla ya paneli.

4. Hakikisha yuko fundi karibu nawe anayeifahamu kazi hiyo.

Mwenye duka akishindwa kujibu maswali haya, nenda kwa mwingine. Kampuni za mafuta huja na kuondoka kadiri faida inavyokwenda. Wewe huwezi kulihama shamba lako. Basi nunua kitu ambacho wewe na fundi wa kijijini mtaweza kukitunza, hata aliyekiuza akiwa amekwisha kwenda zake.