Pikapu Kuukuu: Jua Gharama Zake Kabla ya Kutoa Kiinua Mgongo



Kiinua mgongo hulipwa mara moja tu. Wako wenzetu wengi, katika mashamba ya chai ya Kericho na ya mkonge ya Tanga vilevile, ambao fedha hizo huzitia katika pikapu kuukuu wapate kubeba mahindi, mboga au kuni. Wengine huungana watano au sita wakakopa katika chama cha akiba na mikopo. Nia hiyo ni njema. Lakini bei anayoitaja mwenye gari ni mwanzo tu wa gharama, na yafaa kujua mapema kinachofuata.

Tuchukue mfano wa Toyota Hilux ya dizeli ya miaka ya 1983 hadi 1997, kwa kuwa ni nyingi katika nchi zetu na vipuri vyake hupatikana. Nyingi zina injini iitwayo 2L, ya ujazo wa sentimita 2,446, au 3L iliyo kubwa kidogo. Ni injini ngumu, ila zina udhaifu wao.

Kwanza ni joto. Injini ya 2L ikichemka, hedi yake huweza kupata ufa, mara nyingi baina ya valvu. Chanzo huwa kitu kidogo: mpira wa maji uliochakaa, kifuniko cha rejeta kisichobana, au rejeta iliyoziba kwa kutiwa maji ya mto. Vitu hivi hugharimu fedha kidogo. Hedi yenye ufa kwa kawaida hubadilishwa, na hapo utalipia hedi, gasketi na siku kadhaa za fundi. Hedi iliyopinda tu huweza kusawazishwa kwa mashine, lakini lazima kwanza ipimwe kama haina ufa. Fundi akikushauri utoe thamostati ili gari lisichemke, usikubali. Injini huenda ikiwa baridi mno, hula dizeli zaidi na kulika upesi, na rejeta iliyoziba hubaki imeziba.

Pili ni mkanda wa taimingi, unaozungusha kemshafti na pampu ya dizeli. Hubadilishwa kila kilomita 100,000. Baadhi ya magari haya yana taa ya T-BELT inayowaka muda ukifika, lakini katika gari kuukuu taa hiyo huenda imetolewa, au mita ya kilomita imekufa. Mkanda ukikatika gari likiwa mwendoni, valvu hugongana na pistoni. Kwa hiyo ukinunua gari usilolijua historia yake, badilisha mkanda kabla ya safari ya kwanza ya biashara.

Tatu ni maji na uchafu katika dizeli. Pampu na nozeli ni vitu vya vipimo vidogo sana, na maji huviharibu. Pampu ni miongoni mwa vipuri vya bei kubwa. Filta ni ya bei ndogo. Toa maji chini ya filta mara kwa mara, wala usinunue dizeli ya madumu usiyojua ilikotoka.

Nne ni mzigo. Gari hili limeundwa kubeba karibu tani moja. Magunia 11 ya mahindi, kila moja kilo 90, ni kilo 990: hapo umefika, na watu uliowapakia juu yake nao wana uzito. Ukizidisha, springi huvunjika na tairi huisha upesi. Tena sili za ekseli ya nyuma zikichakaa, oili ya difu huvuja hadi kwenye breki za nyuma, na breki zenye oili hazishiki. Hii si habari ya fedha tena bali ya roho za watu.

Tano ni kutu ya chesisi, hasa kwa magari yaliyokaa pwani. Gonga chesisi kwa nyundo ndogo toka mbele hadi nyuma. Mahali panapotoa sauti nzito au palipofunikwa kwa rangi mpya, chunguza sana.

Siku ya kukagua, nenda asubuhi na fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Injini iwe baridi. Ukiikuta tayari ina moto, uliza kwa nini. Fungua rejeta uone kama kuna oili ndani. Washa injini: mapovu yasiyokoma katika rejeta ni dalili ya gasketi au hedi mbovu. Fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma. Moshi mwingi unaosukumwa nje huonyesha kuwa ringi zimekwisha. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi mara nyingi ni nozeli mbovu au filta ya hewa iliyoziba.

Kabla ya kukubaliana bei, mwambie fundi aandike kila kinachotakiwa, vipuri mbali na ufundi mbali, kisha jumlisha na bei ya gari. Jumla hiyo ndiyo bei yenyewe. Gari likienda gereji, mmoja wenu afuatane na fundi dukani, na vipuri vya zamani mrudishiwe.

Mwisho, wanaonunua kwa ushirika wakubaliane tangu siku ya kwanza kwamba sehemu ya mapato ya kila juma iwekwe kwa ajili ya matengenezo, na iandikwe daftarini mbele ya wote. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mfanyakazi aliyekwisha kutoa kiinua mgongo chake hana fedha za ukuta.